Shokapu za gari la rimoti: pima gari kwanza, ndipo uagize

"Shikamoo mjomba. Nataka shokapu za milimita mia."

"Marahaba. Mia zikiwa zimenyooka au zimebonyea?"

Kijana akanyamaza. Gari lake la kipimo cha 1/10, yaani dogo mara kumi kuliko gari halisi, lilikuwa ndani ya kiroba, limejaa mchanga wa Shangani mpaka kwenye vikombe vya difu, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi. Malalamiko yake yalikuwa mawili: shafti za tairi za nyuma, vile vijiti vinavyozungusha tairi kutoka kwenye difu, zinachomoka zenyewe, na mnara wa shokapu, ile plastiki ya wima inayoshika vichwa vya juu, umepasuka mara mbili. Shokapu za zamani alizipima kwa rula ya shule, akapata mia, na alitaka nyingine za mia hizo hizo, ila za aluminiamu. Hela alikuwa nayo mkononi. Ilikuwa msimu wa korosho.

Ile mia ndiyo iliyokuwa ugonjwa wenyewe. Gari alilinunua kwa mtu, na huyo mtu aliwahi kufunga shokapu zisizo za gari lile. Kupima shokapu mbovu ili ununue mpya ni sawa na kumpelekea fundi cherehani suruali inayokubana umwambie akushonee nyingine kama hiyo. Kinachopimwa ni gari. Tena huku kwetu kosa la kuagiza ni ghali: mzigo unapakiwa basi Dar, unasafiri zaidi ya kilometa 500 kuja Mtwara, na ukifika hauingii huna wa kumrudishia.

Kabla ya kuagiza chochote, hakikisha kwanza kama shokapu ndiyo yenye kosa. Magari mengi yanayoletwa mezani kwangu yanahitaji oringi (pete ndogo za mpira zinazozuia oili isivuje) na oili tu.

Kona moja imelala chini kuliko nyingine

Weka gari juu ya meza iliyo sawa, libonyeze mara mbili tatu, liache litulie. Kama upande mmoja umelala, zihamishe shokapu za ekseli hiyo: ya kulia iende kushoto, ya kushoto ije kulia. Bonyeza tena. Ulalo ukihama na shokapu, tatizo limo ndani ya shokapu hiyo: springi imechoka, au ringi ya kukazia springi imelegea na kushuka, au kibanio cha plastiki kimedondoka njiani. Ulalo ukibaki palepale, iache shokapu. Zifungue zote mbili, inua amu, ule mkono unaoshika tairi, kwa kidole, iachie. Amu nzima huanguka kwa uzito wake yenyewe. Ikiganda hewani, pini yake imepinda au tundu limejaa vumbi. Gari linalochezewa kwenye udongo mwekundu wa juu huko Newala huganda hivi mara nyingi, kwa sababu vumbi lile ni laini kama unga na likipata unyevu linashika.

Angalia na betri. Ikikaa upande mmoja wa chasisi, upande ule utalala kidogo na hakuna kilichoharibika.

Linadunda kama mpira

Hii ndiyo dalili ya kila siku. Gari likiruka tuta linashuka, linapaa tena, linashuka, tairi hazishiki ardhi. Springi kazi yake ni kubeba na kurudisha. Anayezuia lisidunde ni oili inayopita kwenye vitundu vya pistoni. Kwa hiyo oili haipo, au imechanganyika na hewa, au ni nyepesi mno.

Toa springi, shika shokapu kwa mkono, sukuma shafti yake (kile chuma chembamba kinachoingia na kutoka) polepole mpaka mwisho. Inatakiwa uhisi ukinzani ulio sawa njia nzima. Ukisikia nyiu-nyiu, ndani kuna hewa. Ukihisi utupu mwanzoni kisha inashika katikati, oili imepungua. Ikiwa imeshika vizuri lakini gari bado linadunda mchana, jua ndilo linaloyeyusha uzito wa oili. Kaskazi ikipiga, gari lililowekwa juu ya saruji saa saba halina oili ile ile uliyoijaza jioni kivulini. Mimi miezi hiyo hupanda hatua moja.

Namba za kwenye chupa zina mtego. Ile 30 ya kampuni moja si lazima ilingane na 30 ya kampuni nyingine, kwa hiyo ukikuta chupa imeandikwa na sentistoki, kipimo cha unene wa oili, fuata sentistoki. Kwa gari la kawaida la 1/10 anzia kati ya 300 na 500 ndipo urekebishe. Na iwe oili ya silikoni. Najua kuna wanaochota oili ya shokapu za pikipiki kwa jirani mwenye bodaboda, na kweli gari linatembea. Lakini oili ile hupungua uzito haraka zaidi ikipata joto, na oringi za silikoni zikikutana na oili ya petroli huvimba na kulainika. Ya kupikia usijaribu kabisa, inageuka ulimbo.

Kujaza kunataka subira kuliko ufundi. Simamisha shokapu, shafti ikiwa imetoka yote chini, jaza karibu na mdomo, pandisha na kushusha pistoni taratibu mapovu yatoke, kisha iache dakika tano. Kuna anayefunga kofia papo hapo kwa sababu wenzake wanamngoja uwanjani. Huyo atarudi kesho yake na nyiu-nyiu ile ile. Ukiona mapovu yamekwisha, weka kiwambo cha mpira kinachokaa chini ya kofia, sukuma shafti ndani kiasi oili ya ziada ifurike, funga. Jaribu kisha: shafti iingie mpaka mwisho. Isipofika mwisho, au ikisukumwa nje kwa nguvu, umejaza kupita kiasi; legeza kofia, toa matone kadhaa.

Oili inavuja

Uliza inavuja wapi. Ikitokea juu kwenye kofia, kiwambo kimekaa upande au uzi wa skrubu wa plastiki umeliwa. Ikitokea chini kwenye shafti, oringi imeisha. Lakini usiweke oringi mpya kabla hujaitazama shafti. Ipitishe ukucha kwa urefu. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, oringi mpya itadumu siku mbili. Kisha ivingirishe shafti juu ya kioo: ikipinda utaiona mwanga ukipita chini yake na kufungwa, kupita na kufungwa. Shafti iliyopinda haifai kunyooshwa kwa nyundo. Nimejaribu nikiwa na haraka. Ilinyooka kwa macho, ikaendelea kula oringi.

Pwani yetu inamaliza shafti kwa njia mbili. Mchanga unasaga. Chumvi inakula chuma mpaka kinaota vipele vidogo, na vipele hivyo ndivyo vinavyochana oringi. Gari likitoka ufukweni lipigwe brashi kavu kwanza, halafu kitambaa chenye maji kidogo yasiyo ya chumvi kwenye shafti na bolti, likaushwe, shafti ipakwe tone la oili ya silikoni. Likilala na chumvi usiku kucha, asubuhi bolti zina kutu nyekundu. Shokapu za aluminiamu haziponi: bolti ya chuma ikikaa ndani ya aluminiamu kwenye hewa ya chumvi, inashikana mpaka bisibisi inapasua kichwa. Paka grisi kidogo kwenye uzi kabla ya kufunga.

Mnara unapasuka, au shafti ya tairi inachomoka

Turudi kwa kijana wetu, maana hapa ndipo urefu wa shokapu unapotajwa kwa haki.

Dalili hizi mbili zinaonekana hazihusiani. Mnara hupasuka gari likitua, shafti huchomoka gari likiwa hewani. Ya kwanza inatoka kwenye shokapu ndefu mno ikiwa imebonyea, ya pili kwenye shokapu ndefu mno ikiwa imenyooka. Shokapu moja inaweza kuwa na makosa yote mawili, na yake ilikuwa nayo.

Toa shokapu zote za ekseli unayopima. Acha tairi zikiwa zimefungwa. Tafuta kipimo cha venia, kile chenye taya mbili; hata cha plastiki kinatosha, na usipokuwa nacho mafundi wa kukereza vyuma wanacho. Rula inaweza kukudanganya milimita mbili, na hapa mbili ni nyingi.

Kipimo cha kwanza: bonyeza chasisi mpaka tumbo lake liguse meza, tairi zikiwa zimepanda juu kabisa. Pima kutoka katikati ya tundu la juu kwenye mnara hadi katikati ya tundu la chini kwenye amu. Gari la kijana lilitoa 74. Huo ndio mwisho wa kubonyea. Shokapu inatakiwa iweze kufupika kidogo zaidi ya hapo, tuseme 73 au 72, ili chasisi ndiyo iguse ardhi kwanza. Chasisi ni pana, inabeba kishindo. Shokapu ikifika mwisho kabla ya chasisi, kishindo chote kinapitia kwenye bolti moja ya milimita 3 hadi kwenye mnara wa plastiki, na mnara ndio unaolia.

Kipimo cha pili: inua gari, acha amu ining'inie. Usiiachie ianguke inavyotaka. Ishushe kwa mkono huku ukizungusha tairi. Itafika mahali shafti ya tairi inaanza kukwaruza au ncha yake inakaribia kutoka kwenye kikombe cha difu. Rudi juu kidogo mpaka izunguke bila kelele. Pima hapo. Tulipata 96.

Sasa hesabu imekamilika: shokapu ikinyooka isizidi 96, ikibonyea isizidi 73. Tofauti, milimita 23, ndiyo safari ya shafti ya shokapu unayoihitaji. Zile za zamani zilikuwa 100 zikinyooka, na nilipozitoa springi nikazisukuma mpaka mwisho zilikomea 78. Milimita 4 zaidi ya 96 zikinyooka, shafti ya tairi inachomoka. Zikibonyea zinakoma milimita 4 kabla ya ile 74 ya chasisi kugusa, mnara unapasuka. Angeagiza "za mia" nyingine, hata ziwe za aluminiamu ya rangi ya dhahabu, angekuwa amenunua maradhi yale yale kwa bei kubwa zaidi.

Wauzaji wengi huandika urefu mmoja tu, ule wa kunyooka. Omba na wa kubonyea. Akisema hajui, mwombe aibonyeze shokapu bila springi aweke rula pembeni apige picha. Asiyetaka kupiga picha hiyo, mimi simtumii hela.

Pima pia jicho kwa jicho, yaani katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, na umwulize muuzaji kama na yeye amepima hivyo. Wapo wanaopima kutoka ncha hadi ncha. Kwa shokapu hizi ndogo tofauti inaweza kufika milimita 6 au zaidi, kutegemea unene wa vichwa.

Mbele na nyuma zipimwe kila moja peke yake. Magari mengi ya 1/10 yana shokapu ndefu zaidi nyuma, na seti ya nne zinazolingana ni rahisi kuuzika kuliko kufaa. Na kama mnara au amu ina matundu kadhaa, amua tundu kwanza. Ukihamisha kichwa cha chini kuelekea katikati ya gari, springi ile ile inakuwa laini na vipimo vyote viwili vinabadilika.

Je, kama shokapu ulizonazo ni nzuri, zimezidi tu kwa kunyooka? Usizitupe. Fungua, weka kipande cha mrija wa plastiki kwenye shafti ndani ya silinda, chini ya pistoni. Kila milimita ya mrija inapunguza milimita moja ya kunyooka. Kata vya kulia na kushoto vilingane kabisa. Kubonyea hakubadiliki, kwa hiyo dawa hii inatibu shafti ya tairi inayochomoka, haitibu mnara unaopasuka. Kwa mnara, njia ni shokapu fupi zaidi au tundu lingine.

Linapinduka kwenye kona

Kosa la upande wa pili: shokapu fupi mno ikinyooka. Amu haishuki, kwa hiyo gari likiegemea kwenye kona tairi ya ndani inanyanyuka badala ya kufuata ardhi. Ishara yake ni kwamba ukilinyanyua gari kutoka mezani, tairi zinatoka mezani pamoja na chasisi, hazining'inii hata kidogo. Lakini angalia kwanza kama mtu hakukaza ringi za springi mpaka mwisho ili gari "lisimame juu kama la mashindano". Kukaza springi hakuifanyi iwe ngumu zaidi. Kunainua gari tu na kula nafasi ya amu kushuka. Legeza mpaka shafti za tairi zikae karibu sambamba na ardhi gari likiwa na betri ndani. Tatizo likiisha, umeokoa hela.

Ngumu, hairudi

Umebonyeza gari, limebaki chini. Kabla ya yote legeza nusu mzunguko bolti za juu na chini. Vijana hukaza mpaka jicho la shokapu linabanwa na haliwezi kuzunguka. Jicho lazima lizunguke. Isiposaidia, toa shokapu, vuta shafti: ikikwama mahali pamoja ni mpindo, ikiwa nzito njia nzima ni oili nzito au oringi iliyovimba. Hapo ile oili ya bodaboda huwa inaungama yenyewe.

Mengine ya kuandika kwenye karatasi ya oda

Urefu ukipatikana, bado shokapu inaweza kukataa kuingia. Andika kipenyo cha bolti, kwa 1/10 mara nyingi milimita 3. Andika upana wa jicho la chini, maana linaingia katikati ya masikio mawili ya amu. Andika nafasi iliyopo kati ya springi na mnara. Shokapu nene zinapendeza kwenye picha, zikifungwa springi inasugua mnara, au mwili wa shokapu unagusa shafti ya tairi. Mimi huchukua karatasi ngumu ya boksi, naivingirisha kwa unene wa shokapu inayouzwa, naisimamisha mahali pake kwenye gari, nabonyeza amu juu na chini. Inachekesha kutazama, lakini imeniokoa mara nyingi.

Shafti ya milimita 3 ni ya kawaida kwa magari haya. Nene zaidi haipindi upesi. Ukipata nafasi ya kuishika shokapu kabla ya kulipa, vuta shafti yote nje uitikise kushoto kulia. Zile za bei rahisi zinazong'aa hucheza kama jino la mtoto, na oringi haiwezi kuziba kitu kinachocheza. Shokapu ya plastiki iliyobana naipenda kuliko aluminiamu inayotikisika, na mtu akinicheka kwa hilo acha acheke.

Springi

Rangi ya springi haina maana nje ya kampuni iliyoipaka. Nyekundu ya huku laini, nyekundu ya kule ngumu. Ipime mwenyewe. Isimamishe juu ya meza, pitisha katikati kipande cha penseli kifupi kuliko springi ikiwa imebonyea, isiangukie upande, pima urefu. Weka juu yake kipande cha kadibodi, kisha paketi ya chumvi ya nusu kilo, pima tena. Ikishuka milimita 8, gawa 500 kwa 8: gramu 62 na nusu kwa kila milimita. Kwenye paketi za springi nyingi wanaandika kwa pauni kwa inchi. Pauni moja kwa inchi ni kama gramu 18 kwa milimita, kwa hiyo springi hiyo ni ya 3.5 hivi. Ukizijua zako za sasa, unaweza kusema "nataka ngumu kidogo kuliko hii" na muuzaji akakuelewa.

Halafu hesabu mizunguko. Waya wa milimita 1.4 wenye mizunguko 11 ukibanwa kabisa unabaki milimita 15.4, hauendi zaidi. Kama shokapu ikifika 73 nafasi iliyobaki kati ya ringi ya juu na kikombe cha chini ni 14, springi itakuwa gogo kabla shafti haijamaliza safari, na mnara utapasuka kama kawaida huku shokapu ina urefu sahihi. Hili humchanganya hata mtu mzoefu.

Ukishafunga kila kitu, liangushe gari kutoka urefu wa sentimita 20, likiwa na betri. Chasisi iguse ardhi kidogo, gari lipande, litulie. Likidunda mara ya pili, ongeza uzito wa oili. Likitua kwa kishindo kikavu bila kubonyea, punguza uzito wa oili au weka springi laini zaidi.

Kijana aliandika namba zake nyuma ya daftari la hesabu: 96, 73, bolti 3, nafasi ya springi. Mzigo ulishushwa stendi wiki iliyofuata. Zilipimika 97 zikinyooka na 72 zikibonyea. Tukakata vipande viwili vya mrija wa milimita 1, tukavipenyeza ndani, tukajaza oili.

"Dakika tano, mjomba?"

"Tano. Kaa kitako."